Jina la programu huria lilindwe mapema

Leseni ya programu huria humruhusu yeyote kunakili msimbo, kuubadili na kuusambaza, lakini kwa kawaida haimpi haki juu ya jina. Pengo hilo liliwakuta watengenezaji wa Hudson, programu ya kujenga na kujaribu programu nyingine kiotomatiki, iliyoanzishwa na Kohsuke Kawaguchi alipokuwa mwajiriwa wa Sun Microsystems. Oracle, iliyoinunua Sun mwaka 2010, ilidai kwamba jina hilo ni mali yake. Mazungumzo yaligonga mwamba, na Januari 2011 jumuiya ikapiga kura: 214 waliunga mkono jina jipya la Jenkins, 14 wakalikataa.

Wapo wanaosema kuacha jina ni kutupa sifa iliyojengwa kwa miaka mingi. Hoja hiyo ina uzito, maana miongozo huandikwa upya na watumiaji huchanganyikiwa. Hata hivyo, sifa ya Hudson ilitokana na waliokuwa wakiiandika, na wengi wao walihama. Oracle iliikabidhi Hudson kwa Eclipse Foundation, na hatimaye ikaachwa, ilhali Jenkins inatumika hadi leo. Wengine huiona alama ya biashara yenyewe kuwa adui wa uhuru. Hatukubaliani nao: jina lililolindwa humkinga mtumiaji dhidi ya nakala yenye virusi inayojiita halisi. Suala ni nani alishike. Tunawasihi waanzilishi wa miradi ya aina hii walikabidhi jina kwa taasisi isiyo ya kibiashara, na wafanye hivyo kabla kampuni inayowaajiri haijauzwa.