Mama na Mashine: Ordinatere ya shirika imechoka? Tazama diski kwanza

Juma hili tuache telefone kidogo, tuongee juu ya ordinatere. Wengi wenu mmeniuliza neno moja: mashine ya shirika letu inakawia sana kufunguka, je, tuitupe na kununua ingine? Nitawajibu kwa mambo yaliyotupata sisi wenyewe, maana kabla ya kutugharimu feza yalitugharimu machozi.

Shirika letu lina ordinatere moja ya kubeba, tuliyoinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine. Ndani yake mna hesabu yote ya sanduku: nani ameweka kiasi gani, nani amekopa, nani amelipa, nani bado. Mtunza feza wetu anaichunga nyumbani kwake. Miaka ya kwanza ilifanya kazi vizuri, kisha ikaanza kuchoka. Unaiwasha, unaenda kukoroga bukari, unaandaa meza, unarudi, nayo ingali inazungusha kile kiduara kwenye kioo. Siku moja tuliipima kwa saa: dakika 9 mpaka hesabu kufunguka. Tukacheka, tukaacha hivyo.

Ikafika siku ya kugawanya akiba. Ilikuwa siku ya posho. Batri ya mashine ilikwisha kufa zamani, kwa hiyo tulingoja umeme, nao ukaja saa nane mchana. Wamama zaidi ya 30 walikuwa wamekaa, wengine na watoto mgongoni. Mashine ikawashwa, ikakawia, ikafunguka nusu, ikasimama. Ikazimwa, ikawashwa tena. Ndani yake tukasikia sauti: tik, tik, tik. Saa tisa na nusu umeme ukaenda. Hakuna aliyepata hata franka moja.

Hapo maneno yakaanza. Mama mmoja alikuwa anangojea feza yake ili amalizie malipo ya masomo ya mtoto kabla ya mtihani wa serikali. Akasimama mbele ya wote akasema: "Mtunza feza, ni mashine ndiyo haifunguki ao ni wewe hutaki ifunguke?" Mtunza feza hakujibu, alilia tu. Miaka yote aliyotunza sanduku hapajapotea kitu, na siku ile alionekana mwizi kwa sababu ya diski.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alitazama mashine kwa juu akasema imezeeka, tununue mpya, dola 400 hivi. Feza hiyo ingetoka wapi kama si katika sanduku lile lile? Kisha akaja binti wa mmoja wetu, aliyesoma informatike. Alisikiliza ile sauti akasema: "Wamama, msiiwashe tena. Mashine ni nzima, inayokufa ni diski. Tutoe kopi kwanza, kisha tuweke diski ya SSD."

Diski ni kitu gani?

Diski ndiyo ghala ya ordinatere. Hesabu, picha, barua, hata programu zinazoiendesha, vyote vinalala humo. Diski za zamani zina sahani ndogo zinazozunguka, na mkono mwembamba unaokwenda na kurudi juu yake kutafuta habari. Wale waliokuwa na gramofone nyumbani kwa wazazi wanaelewa: sahani inazunguka, mkono unatafuta wimbo. Diski nyingi za ordinatere za kubeba zinazunguka mara 5400 kwa dakika, ni kusema mara 90 kwa sekunde moja. Ni mwendo mkubwa, lakini kwa ordinatere bado ni pole, maana kuifungua tu inabidi kutafuta vitu vidogo maelfu, na kila mara mkono unasogea na kungoja sahani ifike.

Kazi hiyo ilianza zamani. Ordinatere ya kwanza kuuzwa na diski ya namna hiyo ilitoka katika kampuni ya IBM huko Marekani mwaka wa 1956. Diski yake ilikuwa na sahani 50 kubwa kama meza ndogo za mviringo, na yote pamoja haikuweza kuchunga hata picha mbili tatu za telefone ya leo.

Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Ndani yake mna vipande vya kuchunga habari kwa umeme, ndugu wa vile vilivyo katika flashi na katika telefone yako. Hakuna kinachozunguka. Ukiomba karatasi fulani, inatolewa palepale. Diski ya kuzunguka inasoma mega 100 hivi kwa sekunde, SSD ya kawaida inasoma mega 500 hivi. Lakini tofauti kubwa iko kwenye vile vitu vidogo vidogo, na ndiyo maana mashine iliyokuwa inakawia dakika nyingi inaweza kufunguka kwa nusu dakika. Tena, kwa kuwa haina kitu kinachotembea, haiogopi sana kutikiswa ndani ya taksi ao kwenye pikipiki.

Kopi kwanza, diski kisha

Ukisikia tik tik ndani ya mashine, ao faili zinakataa kufunguka, usiendelee kuizima na kuiwasha kama tulivyofanya sisi. Kila mara unapoiwasha unaweza kuua kilichobaki. Binti yetu alitoa diski ile, akaiunga kwa waya kwenye ordinatere yake, akachukua kwanza hesabu ya sanduku, kisha orodha ya wamama, kisha picha. Picha za harusi na za mafunzo zilikuwa nyingi, na chache hazikutoka. Hesabu ilitoka yote. Sijui kama mnaelewa namna tulivyopumua siku hiyo.

Hata kama diski yako bado nzima, usimpe fundi mashine bila kopi mkononi. Weka kopi katika flashi mbili, zikae katika nyumba mbili tofauti, na ufungue kila moja kuhakikisha kwamba inasomeka.

Wakati wa kununua

Kwanza, fundi afungue mashine aone inakubali diski gani. Ordinatere nyingi za kubeba za miaka iliyopita zinakubali diski ya SATA ya kipimo cha 2,5, iliyo pana kama sentimita 7 na ndefu kama sentimita 10. Zile za karibuni zinatumia kipande chembamba kama chingamu, kinaitwa M.2. Hicho nacho kiko namna mbili, SATA na NVMe, na kinachofaa mashine moja kinaweza kukataa kwenye ingine. Kuna pia mashine ambazo diski yake imeunganishwa kabisa na haitoki. Basi usinunue kabla ya kutazama.

Pili, msikimbilie ukubwa. Kwa hesabu, barua na picha za shirika, giga 240 zinatosha. Sisi tulilipa dola 38 kwa diski na dola 10 kwa waya na kazi. Ulizeni bei kwa wauzaji watatu.

Tatu, jihadharini na za uongo. Kuna diski zinazoandikwa giga nyingi sana kwa bei ndogo, na ndani yake mna giga chache tu. Ukizijaza, zinafuta habari bila kusema. Fundi aijaribu mbele yenu: ajaze faili kubwa kubwa mpaka karibu na mwisho, kisha azifungue tena. Kuna programu ya bure inayoitwa H2testw inayofanya kazi hiyo. Na mwombe karatasi ya malipo yenye jina la duka.

Kazi yenyewe

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuhamisha kila kitu kama kilivyo toka diski ya zamani mpaka mpya. Programu ya bure ya Clonezilla inafanya hivyo. Njia hiyo inafaa kama diski ya zamani bado nzima. Ya pili ni kuanza upya: kuweka Windows mpya katika SSD, kisha kurudisha faili zenu kutoka kwenye kopi. Sisi tulifuata ya pili, sababu diski yetu ilikuwa inakufa na mashine ilikuwa na virusi pia. Ukihamisha kila kitu, unahamisha na virusi.

Kufungua mashine, kutoa visi na kubadilisha diski hakukufika nusu saa. Kurudisha programu na faili ndiko kulikochukua mchana mzima. Mtu mmoja wa shirika akae pale mpaka mwisho. Si kumdharau fundi, ni kumlinda yeye na nyinyi.

Mambo ambayo SSD haifanyi

Nisiwadanganye. SSD haifufui batri iliyokufa. Mashine yenye RAM ya giga 2 tu itafunguka upesi, lakini ukifungua mambo mengi pamoja itasongwa tena. Kama nafasi iko, ongezeni RAM. Intaneti dhaifu itabaki dhaifu.

Zaidi ya yote, SSD si ahadi kwamba habari hazitapotea. Diski ya kuzunguka mara nyingi inalalamika kabla ya kufa. SSD inaweza kunyamaza siku moja bila kusema tik hata moja. Na faili uliyoifuta katika SSD mara nyingi hairudishwi tena, hata na fundi hodari. Tena usiiweke kabatini miaka mingi bila umeme ukidhani itachunga habari kama karatasi. SSD inatupa upesi, kopi ndizo zinazotupa usalama.

Ile diski ya zamani

Fundi wengi watasema, "Mama, niachieni hiyo." Msiache. Ndani yake mna majina ya wamama, madeni yao na namba zao za telefone. Hata ukifuta, mtu anayejua anaweza kuyarudisha. Sheria ya mambo ya numeriki ya inchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu, lakini mlinzi wa kwanza ni sisi tuliopewa siri hizo. Kama diski bado nzima, inunulieni kasha la USB, iwe ya kuweka kopi. Kama inakufa, ifunguliwe na sahani zake zivunjwe mbele ya wamama wawili. Yetu tuliivunja kwa nyundo uani, na watoto walifurahi kuliko sisi.

Na mashine isitupwe kwa sababu ya sehemu moja. Hapa Katanga tunajua jasho lililo ndani ya vitu hivi: kobalti inayochimbwa Kolwezi inatumiwa katika batri za namna hii. Kama kioo, klavye na mwili wa mashine ni vizima, bado ina miaka ya kufanya kazi.

Tulivyomaliza

Siku ya posho iliyofuata tulikutana tena. Umeme ulikuja kwa saa moja na nusu tu. Mtunza feza akawasha mashine, na kabla ya dakika kuisha hesabu ilikuwa kwenye kioo. Kila mama akaitwa, akaonyeshwa mstari wake, akapokea, akatia sahihi. Yule aliyesema neno kali alipokea feza yake, akabaki amesimama. Akasema, "Mama, unisamehe. Niliogopa kwa ajili ya mtoto." Mtunza feza akajibu, "Hata mimi niliogopa." Wakakaa pamoja mpaka mwisho.

Lakini tulijiuliza pia kosa letu liko wapi. Mashine ilikuwa inalalamika mwaka mzima na sisi tulicheka. Hesabu ya wamama wote ilikaa mahali pamoja, katika diski moja, katika nyumba moja, na mzigo wote juu ya kichwa cha mama mmoja. Sasa tumeweka sheria tatu. Kila mwisho wa mkutano, kopi inaingia katika flashi mbili, moja kwa mtunza feza na moja kwa mama prezida, zote zikifungwa kwa neno la siri. Kila mama ana kitabu chake kidogo cha karatasi chenye hesabu yake. Na kila miezi mitatu tunafungua kopi mbele ya wote kuona kama zinasomeka.

Kabla ya mkutano wenu ujao, fanyeni jambo moja: ulizeni mbele ya wote, "Mashine yetu ikifa usiku huu, hesabu ya wamama iko wapi pengine?" Kama hakuna wa kujibu, anzeni na kopi. Diski mtainunua kisha.

Juma lijalo tutaongea juu ya neno la siri: namna ya kulichagua, na kwa nini jina la mtoto wa kwanza halifai. Mbaki na amani.