PESA YA NYUMBANI HUINGIA MKONO WA NANI?

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Ndugu msomaji, nakiri kuwa hadi muhula uliopita nilikuwa miongoni mwa hao wasiojua.

Katika mjadala wa chama chetu mada ilikuwa "Pesa ya nyumba ni moja". Nilisimama upande wa waungaji mkono nikanguruma kama simba. Eti pesa ni pesa bwana, iletwe na baba ama mama, sufuria ni ile ile! Makofi yalipigwa hadi mwalimu akagonga meza. Tulishinda. Leo nataka kula matapishi yangu hadharani.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu wetu wa Biashara. Alitusimulia kuhusu Esther Duflo, mwanauchumi mzaliwa wa Ufaransa, ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Abhijit Banerjee na Michael Kremer. Mama huyu si mgeni kwetu, kwani amewahi kufanya utafiti katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya. Lakini kisa kilichonigusa kilitokea Afrika Kusini.

Mapema miaka ya 1990, serikali ya huko iliwapandishia pensheni wazee weusi, ambao chini ya ubaguzi wa rangi walikuwa wakilipwa kidogo kuliko Wazungu. Wengi wao waliishi na wajukuu. Duflo alichukua takwimu za mwaka 1993 akauliza swali moja tu: je, watoto walinufaika? Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2003, alionyesha kuwa pensheni ikipokewa na nyanya, wajukuu wa kike walikuwa na uzito na kimo bora. Ikipokewa na babu, nafuu kama hiyo haikuonekana. Serikali ni ile ile, pesa ni zile zile. Kilichobadilika ni mkono!

Hata Uingereza mambo yalikuwa hivyo hivyo. Zamani mzazi alipunguziwa kodi kwa ajili ya watoto, na nafuu hiyo aghalabu iliingia katika mshahara wa baba. Kuanzia 1977 ikaletwa posho ya watoto inayolipwa mama. Wanauchumi Lundberg, Pollak na Wales waligundua kwamba baada ya hapo, matumizi ya nguo za wanawake na watoto yaliongezeka yakilinganishwa na ya nguo za wanaume.

Niliposikia hayo nilimkumbuka nyanya yangu. Yeye na babu wamepita miaka 70, na kila mmoja hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii. Za nyanya ndizo zilizoninunulia madaftari, zikamnunulia dadangu sodo ili asikose shule. Likizoni nilimwuliza mbona babu hanunui. Alicheka. "Mjukuu wangu, babu yako si mchoyo. Lakini daftari likiisha, wewe unakuja kulia kwa nani?"

Nikanyamaza. Kweli, sijawahi kumwambia babu.

Wavulana wenzangu watasema nimewasaliti. La hasha! Sisemi wanaume ni wabaya. Nasema anayesikia kilio cha mtoto ndiye anayejua pesa ziende wapi, na kwetu kilio hicho tumemwachia mwanamke peke yake. Kwa hivyo serikali ikipanga kodi na misaada, isiulize tu ni kiasi gani. Iulize pia zitafika kwa nani. Kenya iliwahi kuonyesha mfano mwaka 2004 ilipoondoa VAT kwa sodo. Bidhaa hiyo hainunuliwi na kila mtu, lakini ikipanda bei, msichana ndiye anayebaki nyumbani.

Bajeti kwa kawaida husomwa Bungeni mwezi wa Juni. Siku hiyo sisi hungoja tu kusikia kama soda na mkate vitapanda. Mwaka huu hebu tusikilize kwa sikio lingine. Nami nimeahidi kwamba daftari likiisha nitamwendea babu kwanza, nione atakavyofanya.

Mwenye macho haambiwi tazama.

Mwanachama, Kidato cha Tatu