Wasoda wa kufukuza ao wa kuokoa?

Mwezi wa Julai 2004, udongo uliangukia wachimbaji ku Shinkolobwe, karibu na Likasi. Watu 8 walikufa. Na mgodi ule Rais alikuwa ameisha kuufunga tangu Januari! Mwaka 2019, ku Kamoto, kule Kolwezi, walikufa zaidi ya 40. Kisha jeshi likatumwa: kufukuza wachimbaji. Lakini Katiba, kifungu cha 187, inasema wakati wa amani jeshi linasaidia pia kulinda watu na mali yao. Basi shimo likianguka leo usiku huku Likasi, nani ataleta mashini, mataa na machela? Mpaka sasa, wachimbaji wenyewe ndio wanafukua wenzao, na majembe, na mikono. Wasoda wa génie wafundishwe hii kazi mbele ya kilio, hapana nyuma.