Waulizwe Wote

Mwari huombwa idhini kabla ya nikaha, umma haukuombwa. Tarehe 22 Aprili 1964 Julius Nyerere na Abeid Karume walitia saini Hati za Muungano, na siku nne baadaye nchi mbili zikawa moja. Kura ya maoni haikupigwa upande wowote.

Wanaodai ipigwe sasa huambiwa kuwa wanatonesha kidonda. Hoja hiyo ni dhaifu. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakakubali, waliosalia wakakataa, na visiwa havikuzama.

Lakini wadai nao wana kasoro yao. Wengi hunena kana kwamba ni Unguja na Pemba tu zilizonyimwa neno. Mkulima wa kahawa wa Ruanda, huko Mbozi mkoani Songwe, naye hakuulizwa, na Tanganyika yake ikapoteza jina na serikali. Kura itakayomwacha nje ni dhuluma iliyovishwa kanzu ya haki.

Kura ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa 30 Aprili 2015, iliahirishwa na haijapigwa. Hata ingepigwa, ingeuliza juu ya katiba nzima. Swali linalostahili ni fupi: Muungano uwepo au usiwepo? Liulizwe Wete na Ruanda siku moja, na kura za kila upande zihesabiwe mbali. Muungano ukishinda, utapata ridhaa uliyoikosa tangu 1964. Ukishindwa, itajulikana kuwa haukuwa na wenyewe.