Ugumu wa Tarumbeta Hauko Kwenye Karatasi

Wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lililokuwa likipuliza matromboni tangu karne ya 18, na leo matarumbeta kanisani si jambo geni kuanzia Tukuyu hadi Kyela. Lakini ugumu wa nyimbo zake bado tunaupima vibaya, na wanaoumia ni wapigaji.

Husemwa tarumbeta ina vibonyezo vitatu tu, ugumu uko wapi? Vibonyezo vitatu vina michanganyiko minane. Mpigaji hutakiwa kutoa sauti zaidi ya 30. Kazi iliyobaki ni ya mdomo. Bila kubonyeza chochote, bomba hilohilo hutoa do, so, do, mi, so, hadi do ya juu kabisa. Tazama zinavyosogeleana kadiri unavyopanda: huko juu mdomo ukilegea kidogo tu, umeangukia sauti ya jirani, na kanisa zima limesikia.

Husemwa pia wimbo wa polepole ni wa wanaoanza. Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Nota chache ndefu humaliza pumzi, na tuba hula hewa kuliko ala zote za bendi. Anayepima ahesabu mapigo kati ya pumzi na pumzi kabla ya kuhesabu nota.

Wengine hudai kupandisha wimbo nusu sauti ni jambo dogo. Kwa kwaya, sawa, do inahama tu. Lakini wimbo wa E flati, tarumbeta ya B flati huusoma katika F, wenye flati moja. Soprano wakiomba E, mpigaji anakutana na shapu sita.

Na wimbo ni uleule popote? Tukuyu iko kwenye mita kama 1,500. Ziwa Nyasa halifiki mita 500, na joto la Kyela mnalijua. Hewa ndani ya bomba ikipanda nyuzi 10, sauti hupanda karibu theluthi ya nusu sauti. Kinanda cha umeme hakipandi nayo. Bendi iliyoteremka kutoka milimani isipovuta bomba la kurekebishia sauti, itaonekana haijui.

Walimu wa bendi na waamuzi, kabla ya kuandika alama, mwombeni mpigaji aonyeshe anapovuta pumzi.