Picha ya Ukutani na Kasumba ya Msomi

Rafiki yangu mmoja, mtumishi wa umma aliyestaafu, amejenga nyumba hapa Songea na kutenga ndani yake chumba cha kusomea. Vitabu amevipanga kwa heshima. Shaaban Robert yuko mahali pa mbele. Lakini juu ya meza ametundika nakala ya picha ya Mwingereza John Constable, ile ya mwaka 1821 yenye gari la farasi katikati ya mto. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba chumba cha msomi chataka picha ya daraja la juu.

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Sina ugomvi na Constable. Mto ule ni Stour, na kandokando yake palikuwa na kinu cha baba yake. Alichora kwao, hakuazima mto wa watu. Laiti rafiki yangu angalimsoma hivyo, macho yake yangaligeukia Tunduru, wilaya ya mkoa wetu huu wa Ruvuma, alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Huyu alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Alipofariki mwaka 1972 aliacha mtindo ambao ulimwengu wauita kwa jina lake. Chui wake, aliyesimama peke yake penye uwanda wa rangi moja, ana utulivu umfaao mtu asomaye.

Nitaambiwa kwamba hizo ni picha za watalii. Nyingine ndivyo zilivyo, na nakala zifyatuliwazo kama matofali sizitetei hata kidogo. Lakini ni nani aliyewaachia watalii soko lote? Ni sisi wenye vyumba vya kusomea, tupitao mbele ya mchoraji bila kugeuza shingo.

Na atakaye mchoraji mwenye elimu ya chuo, amtazame Sam Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, akasoma Makerere na kisha London. Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yana mchoro wake wa mwaka 1956, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Wageni wameutunza, hapa kwetu wangapi walitajao hata jina lake? Tuliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, lakini wizara haiwezi kuingia chumbani kwa mtu ikamwondolea kasumba ukutani.

Mwezi ujao rafiki yangu atasafiri kwenda Dar es Salaam kufuatilia mafao yake. Nimemsihi apite Oysterbay kwa wachoraji wa ushirika wa Tingatinga, asinunue cha kwanza atakachoonyeshwa. Constable amhamishie sebuleni, na msumari ule wa juu ya meza auache mtupu mpaka atakaporudi.