TAHARIRI: Baka lisilopona lisitibiwe sokoni

Katika soko la Mpondwe, meza zenye marhamu za ngozi hazikosekani. Anayewashwa hununua tyubu moja, hujipaka wiki mbili, akipata nafuu hurudi kununua nyingine. Kwa ukurutu wa kawaida huenda asidhurike sana. Lakini yako maradhi yanayovaa sura ya ukurutu, nayo ni saratani.

Mojawapo ni limfoma ya ngozi. Aina yake inayojulikana zaidi ilielezwa na daktari Mfaransa, Alibert, mwaka 1806, akaipa jina la uyoga kwa sababu ya umbo la vivimbe vyake. Jina hilo linapotosha, kwani ugonjwa huu si fangasi na dawa ya fangasi haiuponyi. Huanza na mabaka yanayokaa miezi, hata miaka. Marhamu yenye steroidi huyafifisha kwa muda, na hapo ndipo hatari ilipo: mgonjwa hudhani amepona, na hata mpimaji huweza kukosa dalili.

Tunaandika haya kwa sababu tiba ipo. Seli za limfoma huathirika upesi na mionzi, hivyo kwa baka moja au machache, dozi ndogo kuliko ile ya saratani nyingi huweza kutosha. Mabaka yakienea mwilini, madaktari huchanganya mionzi na tiba ya mwanga, marhamu maalumu, vidonge au sindano. Mionzi hupunguza vivimbe vinene vinavyouma na kupasuka. Dawa hushughulikia kwingine. Anayemaliza mionzi akaacha dawa hajamaliza matibabu.

Ndivyo ilivyo pia kwa saratani ya Kaposi, ambayo watu wetu waliifahamu zaidi wakati wa Ukimwi. Mionzi hutuliza maumivu ya donda, lakini mwenye virusi asiyetumia ARV hajakata mzizi wa ugonjwa.

Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, ilianza mwaka 1967 kwa kutibu limfoma ya watoto, ile aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958. Nchi yenye historia hiyo ilijikuta mwaka 2016 bila mashine ya mionzi, baada ya ile iliyotumika tangu 1995 kuharibika kabisa. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi. Wengine walisubiri hadi mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Tangu hapo mashine za kisasa zaidi zimeongezwa, na kwa hilo serikali inastahili pongezi.

Hata hivyo, Mulago iko mbali na Nyakalengija. Mkulima wa chini ya Rwenzori hupanda bodaboda hadi Kasese, kisha basi kwa zaidi ya kilomita 300. Mionzi mara nyingi hutolewa siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa, na Kampala chumba na chakula havitolewi bure. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunajua uchungu wa kulala ugenini mfukoni hamna kitu. Mgonjwa anayekatisha tiba si lazima awe mkaidi. Pengine nauli imekwisha.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, baka lisilopona kwa miezi miwili lipelekwe hospitali, na mgonjwa aombe kipande cha ngozi kikatwe na kupimwa maabara. Achukue na tyubu zote alizotumia. Pili, mamlaka zidhibiti steroidi zinazouzwa holela pande zote mbili za mpaka. Tatu, serikali itenge fedha za nauli na malazi kwa wagonjwa wa mionzi wanaotoka wilaya za mbali. Mashine imenunuliwa kwa kodi ya wote, pamoja na ya mchuuzi wa Bwera. Naye aweze kuifikia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe waweza kuwa baka dogo mgongoni.